Mbwa Niliyemkata Ukanda wa Shingoni

Kama una kicheko, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki mtu wa kunikatiza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na niliyaona kwa macho yangu haya, wakati yalipokuwa bado yanaona vizuri. Sikuyasikia kwa jirani. Mimi ni mtu wa kanisa, na kwa umri huu nilio nao sina faida yoyote ya kusema uongo. Ukiniamini, vizuri. Usiponiamini, shauri yako.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza, kule Nyarero. Nilikuwa nimeolewa mwaka wa pili, na ndoa yangu ilikuwa ile tunayoiita sisi Wakurya nyumba ntobhu. Huijui? Mwanamke akizeeka bila mtoto wa kiume, na ng'ombe anao, anatoa mahari na kuoa msichana. Msichana anazaa na mwanaume wa pembeni, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mama, ili jina la mume wake marehemu lisipotee. Aliyenioa mimi aliitwa Wankuru. Alizaa mabinti watupu, wote wakaolewa mbali, na mumewe Marwa alikufa zamani. Nilimwita Mama, naye alikuwa mama mkwe wangu, na hakuwahi kuniinulia mkono hata siku moja.

Nilipojifungua mtoto wa kiume, yule mama alikaa chini kwenye vumbi akalia kama amefiwa. Alikuwa amengoja miaka yote hiyo. Kila mtu mjini pale, mji kwa maana ya boma letu, alijua mtoto ataitwa Marwa. Lakini Mama alitaka jina litamkwe rasmi, kwa pombe ya wimbi jipya, yaani ulezi, mbele ya wazee wa ukoo, na wimbi lilikuwa bado shambani. Basi mtoto akakaa miezi mitatu tunamwita mtoto tu. Kwetu jina lisilotamkwa juu ya mtoto si jina. Hilo lishike.

Siku moja asubuhi nilishuka kijitoni kuchota maji. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka ndani, maana baada ya kuzaa nilifungiwa siku nyingi, sikwenda sokoni, sikwenda kwenye msiba wala harusi. Nikasikia kitu kinakoroma kwenye matete. Mbwa. Wa kahawia, mbwa wa kawaida kabisa, amekonda mpaka unaweza kumhesabu mbavu, matope mwili mzima. Shingoni alikuwa na ukanda wa ngozi. Unajua ngozi mbichi ikilowa kisha ikakauka inavyobana? Ulikuwa umezama ndani ya nyama, na nzi wamejaa.

Nilisema, wale wachunga ng'ombe hawana adabu, wamemtega mbwa wa watu kwa kitanzi. Nikatoa kisu changu cha kukatia mboga, nikamshika kichwa, nikaukata. Hakunguruma wala hakuniuma. Ukanda ukaanguka majini ukachukuliwa. Nami nikamfunga kamba ya mkonge nikapanda naye mlima, huku nikijisifu moyoni kwamba nimefanya jambo jema.

Kwa nini nilimchukua? Sijui nikwambie nini. Nilikuwa mgeni mimi pia katika boma lile. Nilijua ilivyo kufika mahali pa watu ukiwa umekonda.

Nyumbani kulikuwa na mbwa mwingine, Askari. Mweusi, mkubwa, kifua cheupe. Huyo alikuwa mwanaume hasa. Aliwahi kumpandisha karani wa kodi juu ya ghala, na karani akakaa huko mpaka Mama aliporudi kutoka shambani, na aliposhuka kodi yenyewe ameisahau. Usiku wezi wa ng'ombe walikuwa wanazunguka boma letu kwa mbali. Na tangu nijifungue, Askari alikuwa analala mlangoni kwangu, pua kizingitini.

Mama alipomwona yule mbwa mgeni alikunja uso. "Huyu ametoka wapi?"

"Kijitoni, Mama. Alikuwa anakufa."

"Haya. Lakini mbwa wawili ni kama wake wenza, mwanangu. Wa kwanza ale kwanza, wa pili asubiri. Ukikosea siku ya kwanza umekosea maisha."

Akanifundisha, na kila alichosema nilikifanya. Mgeni nilimfunga chini ya ghala, mbali na mlango, mbali na mtoto. Kidonda cha shingo nilikipaka samli iliyochanganywa na majivu, asubuhi na jioni. Ugali niliumega kwa mkono mmoja, nikampa Askari kwanza, kisha mgeni, ili wote wanuse mkono uleule. Siku ya tatu ningewatoa pamoja mpaka malishoni, nje ya boma, mahali ambapo hakuna mwenyeji wala mgeni. Hivyo ndivyo mbwa wanavyozoeshana. Wananguruma, wananusana mkiani, mmoja analala chali, yamekwisha.

Sasa sikiliza. Askari hakumnusa. Hata mara moja. Alisimama mbele yake, miguu inatetemeka, na hakumtazama yeye. Alitazama juu. Macho yake yalikuwa juu ya yule mbwa, mahali ambapo pangekuwa na uso wa mtu kama mtu angekuwa amesimama pale. Mkia akauingiza katikati ya miguu, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye uzio. Nikamcheka. Nikamwambia, Askari, leo umekuwa kuku?

Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Kule malishoni alikataa kukaribia. Kila mgeni alipogeuka, macho ya Askari yaligeuka naye, kule kule juu, kama mtu anayemfuata mwenzake anayetembea. Nikaacha kucheka. Siku ya tano Askari akatoka nje ya lango la boma, akalala huko kwenye miiba, akakataa kuingia. Ugali nilimpelekea, hakula. Ng'ombe nao wakaanza kubana maziwa. Ukikaa kumkamua anatetemeka ngozi yote na kugeuza kichwa upande wa ghala.

Na mgeni je? Mpole! Hakubweka. Hakugusa chakula mpaka nimemaliza kumnyonyesha mtoto. Alikaa tu na kutazama mlango wangu. Nilitaka kumwambia Mama, lakini niliona haya. Mbwa nilimleta mwenyewe, nikaanze kusema ananitisha?

Siku ya nane Mama alikwenda mnadani Tarime kutafuta chumvi. Nikabaki peke yangu na mtoto. Ilipofika saa tisa mchana mawingu yakaja kutoka upande wa Kenya, meusi, na boma likawa giza kama magharibi. Mvua ya mawe. Wewe wa leo huijui mvua ya mawe ya kule kwetu. Inapiga nyasi za paa mpaka husikii sauti yako. Nilimbeba mtoto nikakaa karibu na moto.

Nikasikia hodi.

Ndani ya kelele ile yote niliisikia wazi, kama mtu amesema sikioni. Mlangoni amesimama mzee mmoja, mrefu, mwembamba, blanketi begani. Kwetu mtu akikutwa na mvua humwachi nje, hata awe adui. Nikasema, "Karibu, tata," yaani baba, ndivyo tunavyowaita wazee. "Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu." Tulizungumza Kikurya, mimi nakueleza kwa Kiswahili.

Akaingia, akakaa. Na hapo ndipo niliona jambo la kwanza. Alikuwa mkavu. Nje mawe yanamwagika, yeye blanketi kavu, nywele kavu, miguu ina vumbi. Lakini chumba kizima kilijaa harufu ya mbwa aliyelowa.

Nikajiambia, pengine amekaa chini ya upenu. Mtu akiogopa hujitafutia maneno. Nikachungulia nje kupitia mlango, upande wa ghala. Kamba ya mkonge ilikuwa chini, fundo bado limefungwa vilevile nilivyolifunga, na ndani ya fundo hamna kitu.

Moto ukapata upepo ukawaka. Mzee akajisogeza karibu, blanketi likateleza begani. Niamini mimi. Shingoni alikuwa na kidonda, duara zima, na juu ya kidonda samli ilikuwa inang'aa. Samli na majivu. Ile ya mkono wangu, ya asubuhi ile.

Je, wewe ungefanya nini? Ungepiga kelele? Kukimbia nisingeweza, maana yeye alikuwa kati yangu na mlango.

Akasema kwa upole, "Umenitunza vizuri. Siku nane. Lakini yule mwenyeji wenu hajanipokea. Nimempisha chakula, nimempisha mlango. Nimefanya yote ya mgeni. Yeye anakataa."

Nikamvuta mtoto kifuani.

"Mtoto anaitwa nani?"

Hapa ndipo nilipokosea, na mpaka leo najilaumu. Ningesema Marwa! Neno moja tu. Lakini hofu ilinifanya niseme ukweli kama mtoto mbele ya mwalimu. "Hajapewa jina, tata."

"Kumbe," akasema. "Bado hana mwenyewe."

Akanyoosha mkono. Kwetu mzee akitaka kumpakata mtoto wako humnyimi, ni laana kumnyima, na mikono yangu mimi, nakwambia, mikono yangu ilianza kumpelekea mtoto bila mimi kuitaka. Niliitazama inakwenda. Kidole chake kikagusa paji la uso la mtoto.

Ndipo Askari akaingia. Alipita ndani ya mawe yale, damu puani, mgongo umepasuka, yule mbwa aliyekuwa haingii hata langoni siku tatu nzima. Hakunguruma. Alirukia mkono ule na meno yote. Na mzee alilia. Alilia sauti ya mbwa aliyekanyagwa. Mimi nikaanguka juu ya mtoto, nikafumba macho, nikamwita Mungu kwa Kikurya na kwa Kiswahili.

Nilipofumbua macho hakukuwa na mtu. Askari amelala karibu na moto, mdomo umejaa manyoya ya kahawia. Mvua imekatika. Nikatambaa mpaka mlangoni. Chini ya ghala yule mbwa alikuwa amekaa, kamba shingoni, na mguu wake wa mbele unatoka damu. Alikuwa ananitazama.

Nikampa mtoto ziwa nimtulize. Akageuza kichwa.

Mama aliporudi jioni alinikuta nimekaa pale pale, mlango nimeuziba kwa kinu. Nilimweleza yote. Nilitegemea aniambie nina homa. Alipofika kwenye kidonda cha shingo akanishika mkono. "Alipokuwa kijitoni, shingoni alikuwa na nini?"

"Ukanda wa ngozi, Mama. Kitanzi. Nikaukata."

"Ulikuwa na manyoya? Meupe na meusi?"

Nikafikiri. "Ndiyo."

Yule mama akakaa chini. Kwetu mtu akifa, mnyama wa matanga akichinjwa, ngozi yake hukatwa kanda, na watu wa nyumba ya marehemu wanazivaa mpaka msiba uishe. Aliyevaa ndiye anayemlilia. Sasa, wakati mimi nimefungiwa ndani na uzazi, ng'ambo ya kijito alikufa mzee mmoja, Muniko. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Alikuwa na mbuzi mmoja wa madoa na mbwa mmoja. Majirani walimzika, wakachinja mbuzi, na ilipofika kuvaa ukanda kila mtu akarudi nyuma. Nani avae? Ukivaa umesema wewe ni mtu wa nyumba yake, na bahati mbaya yake yote ni yako. Basi mmoja wao akaushika ule ukanda, akamfunga mbwa. Akasema, haya, huyu ndiye mwanawe.

"Tulicheka," Mama akasema. "Mimi nilikuwepo, mwanangu. Nilicheka mpaka nikajifunika mdomo na kanga."

"Na hukumtambua mbwa?"

"Nani anamtazama mbwa wa maskini?" Akalia. "Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumlilia, na wewe umemvua."

Ukanda wenyewe ulikwenda na maji, na mbuzi wa madoa aliliwa. Hakukuwa na cha kurudisha. Mtoto alikataa ziwa usiku ule, na asubuhi, na mchana. Jioni hakuwa na nguvu ya kulia, midomo imekauka, utosi umebonyea. Ukimpa kidole chako hakishiki. Kila nilipotazama nje, yule mbwa amekaa chini ya ghala. Mama alichukua panga akatoka kumwendea, akasimama mbele yake kwa muda, akarudi ndani bila kufanya kitu. "Nimeshindwa," akasema. "Amenitazama."

Alfajiri ya siku ya pili tulifanya kile wanachofanya wanawake wa kwetu mtoto anapokataa ziwa. Unaweka ziwa mdomoni mwake na kumwitia majina ya marehemu, moja moja. Akipokea kwa jina fulani, basi marehemu huyo ndiye aliyekuja kwake. Hatukungoja wimbi wala wazee. Mama akapiga magoti, akaweka mdomo sikioni kwa mtoto.

"Marwa," akasema. Mtoto akageuka pembeni. "Marwa. Marwa, baba wa watoto wangu, rudi nyumbani kwako." Alimbembeleza kama anaongea na mtu aliye nyuma ya ukuta. Aliita mpaka jua likatoka. Mtoto akaacha hata kugeuka.

Mimi jina lile jingine nilikuwa nalo mdomoni, lakini sikuwa na haki ya kulitamka. Ng'ombe walikuwa wake, nyumba yake, na mtoto ni wake. Nilimtazama tu machoni. Nilimwomba kwa macho. Loo, sitaki kukumbuka uso wake. Alikuwa na nywele nyeupe zote, na uwezo wa kuoa mwingine hakuwa nao tena.

Akainama. Akasema, "Muniko."

Mtoto akapokea ziwa. Alinyonya mpaka nikaumia.

Nje tulisikia kamba inaburuzwa. Yule mbwa alikuwa anatoka langoni, polepole, anachechemea. Askari alikuwa amesimama kando ya lango. Akampisha. Tulitafuta nyayo, zilifika kijitoni, ng'ambo ya pili hazikuwepo, na mbwa yule hakuna aliyemwona tena.

Askari aliishi miaka mitano baada ya hapo, na hakubweka tena. Wezi walituchukulia ng'ombe mara mbili, yeye amesimama anawatazama. Nami nilizaa tena mara mbili, mabinti wote. Jina la Marwa halikuitwa katika nyumba ile, na sasa hakuna aliyebaki wa kuliita.

Mwanangu yupo. Ni mzee naye, ana wajukuu, mtu mzuri, hana ubaya na mtu. Ila tangu atambae, hakuna mbwa aliyewahi kumbwekea. Akiingia boma la watu, hata mbwa wakali wanainuka, wanainamisha vichwa, wanampisha. Watu wanasema ana dawa.

Mama Wankuru alimlea, alimbeba mgongoni, alimpa chakula kabla hajala yeye. Lakini jina alilotamka alfajiri ile hakulitamka mara ya pili. Alimwita "wewe mtoto" mpaka mtoto akaota ndevu. Siku anakufa alimshika mkono, midomo ikawa inatafuta neno, na mwanangu akainamisha sikio. Akamwita Marwa. Mwanangu aliniangalia, hakuelewa, nami nilitikisa kichwa asiitike, maana akiitika Marwa, Muniko angebaki tena bila mtu.

Hakuitika. Na yule mama akafa anangoja.

Kwa hiyo nakuonya. Mbwa wa barabarani mhurumie, mpe maji, mfunge kidonda. Lakini kabla hujamkata kitu alichofungwa shingoni, uliza kwanza ni nani aliyemfunga na kwa nini. Na ukisikia mahali pamekufa mtu asiye na mtu, usimwachie mbwa kazi ya kumlilia. Nenda wewe. Kaa chini, lia, hata kama machozi ni ya kulazimisha. Sisi tulicheka, na unajua sasa tulilipa nini.